Wosia Ulioonekana Baada ya Mirathi Kufunguliwa



Katika kitabu cha pili cha Wafalme twasoma habari za Mfalme Yosia. Katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake, mafundi walipokuwa wakitengeneza nyumba ya Bwana, Hilkia kuhani mkuu alikiona humo kitabu cha torati kilichokuwa kimesahauliwa. Kazi ilikuwa imekwisha kuanza, na fedha zimekwisha kutolewa. Hata hivyo Hilkia hakukirudisha mahali pake akanyamaza. Alimpa Shafani mwandishi. Shafani akakisoma mbele ya mfalme. Naye mfalme akatuma watu kwa Hulda, nabii mwanamke, wapate kuuliza habari za maneno yale. Tangu siku hiyo mambo yote yakafuata kitabu.

Twaikumbusha habari hiyo kwa sababu jambo la namna yake hutokea katika nyumba zetu za pembeni mwa mji wa Dar es Salaam, kule Mbagala na Tandika, Mwananyamala na Tandale. Baba amekufa. Jamaa wamekaa kikao, wamemchagua msimamizi, mirathi imefunguliwa mahakamani. Wote wamesema kwa kweli ya moyo kwamba marehemu hakuacha wosia. Kisha siku moja sanduku lafunguliwa, na karatasi yaonekana. Je, Mkristo afanyeje?

Natuweke mfano wa nyumba moja upande wa Temeke. Si nyumba ya mtu ye yote tunayemjua kwa jina, lakini hakuna neno katika mfano huu lisiloweza kutokea kesho kwa mmoja wetu.

Mzee wa nyumba hiyo alifanya kazi bandarini miaka mingi. Mke wake wa kwanza alifariki akimwachia watoto wawili wa kiume. Baadaye akafunga ndoa kanisani na mke wa pili, akamzalia binti mmoja. Aliacha nyumba yenye vyumba vitatu vya kupangisha. Alipokufa, mwana mkubwa, mwalimu wa shule ya Jumapili, alichaguliwa kuwa msimamizi, na mahakama ikamthibitisha. Ndugu walikubaliana nyumba iuzwe, kila mtu apewe fungu lake. Mnunuzi akapatikana, akatoa malipo ya kwanza. Mwalimu naye alikuwa amekwisha kuhesabu moyoni: fungu lake lingemlipia binti yake ada ya chuo.

Siku tatu kabla ya kuandikiana na mnunuzi, mjane alikuwa akikunja vitu vyake tayari kuhama. Chini ya sanduku la bati, katikati ya stakabadhi za wapangaji, akaona bahasha iliyofungwa katika nailoni. Akamwita mwalimu, akamwambia, "Mwanangu, hii ni hati ya mkono wa baba yako. Nimesoma mstari wa kwanza, nikaogopa kuendelea. Soma wewe."

Mwalimu akasoma. Marehemu alikuwa ameandika ya kwamba nyumba isiuzwe maadamu mjane yu hai. Akae humo mpaka kufa kwake. Kodi ya vyumba wagawane yeye na watoto wote watatu. Na baadaye nyumba iwe ya watoto wote sawasawa. Tena aliandika kwamba kiwanja chake cha Kinondoni apewe mwana wa pili. Chini palikuwa na tarehe, sahihi yake, na sahihi za mashahidi wawili.

Habari ilipoenea, sauti tatu zilisikika nyumbani. Ya kwanza ilisema, "Mahakama imekwisha kunena, karatasi hiyo ni ya kuwashia moto." Ya pili ilisema, "Msiichome, ila rudisheni pale pale, uzeni kwanza, kisha tutaona." Ya tatu, nayo ilikuwa ya mwana wa pili, ilisema, "Mama mdogo ameiandika mwenyewe." Usiku ule mwalimu alilala na bahasha chini ya mto, wala hakupata usingizi.

Wasomaji wetu, na tuzipime sauti hizo moja moja.

Ile ya kwanza na ya pili ni za njia moja. Kuficha wosia kwa nia ya kudhulumu ni kosa la jinai katika sheria za Tanzania, na atakayeuharibu kwa nia hiyo hasalimiki. Wala si kweli kwamba mahakama ikiisha kumteua msimamizi, mlango umefungwa. Mahakama ilinena kwa yale iliyoambiwa. Kanuni za Mahakama za Mwanzo juu ya usimamizi wa mirathi, zilizotolewa mwaka 1971, zasema wazi kwamba uteuzi waweza kufutwa ikiwa ulitolewa bila kujua mambo ambayo, kama yangalijulikana, uteuzi usingalikuwa halali. Na Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, katika kifungu cha 49, nayo yaruhusu uteuzi kufutwa kwa sababu ya haki, kama vile mtu kuficha jambo kubwa au kusema lisilo kweli, hata kama alilisema kwa kutojua. Basi asiyejua jana hana lawama; lakini aliyejua leo akanyamaza, huyo ameshika neno ambalo si lake.

Ile sauti ya tatu haifai kupuuzwa. Nyaraka za uongo zipo, na kughushi wosia ni kosa zito ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini si kazi ya ndugu kuamua barazani kwa kelele kwamba mkono huu ni wa marehemu au si wake. Yosia mwenyewe, ingawa alikuwa mfalme, hakuamua peke yake. Alituma kwa Hulda. Nasi tunaye hakimu.

Hili basi ndilo neno letu kubwa: karatasi iliyoonekana si mali ya aliyeiona, wala ya anayependelewa ndani yake, wala ya msimamizi, wala ya ukoo. Mahali pake ni mahakamani, nzima kama ilivyo, upesi, na mkono wa mgawaji usimame mpaka neno litoke huko.

Asubuhi mwalimu aliamka akafanya hivi. Alimwita mjane, ndugu yake, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mbele yao wote aliitoa karatasi, ikasomwa kwa sauti, ikapigwa picha kila upande. Wakaandika katika karatasi nyingine siku ilipoonekana, mahali ilipokuwa, nani aliiona, na nani walikuwapo. Kila mmoja akatia sahihi yake. Kisha akairudisha katika bahasha yake ile ile, pamoja na nailoni yake.

Tunawasihi walimu wawafundishe watu jambo hili, maana wengi huharibu ushahidi kwa wema. Msiandike neno lo lote juu ya wosia, hata kusahihisha herufi. Msiutoboe kwa pini. Msiupeleke dukani kufunikwa nailoni kama watu wafanyavyo vyeti vyao, kwa maana mchunguzi wa mwandiko huhitaji kuiona karatasi yenyewe na wino wake. Bahasha nayo itunzwe, kwa kuwa yaweza kusema jambo. Tena sanduku lote litazamwe mbele ya mashahidi, huenda kuna wosia mwingine wa tarehe ya baadaye. Maana wosia halali wa mwisho ndio unaoshika nguvu.

Halafu mwalimu akampigia simu mnunuzi, akamwambia mambo yamesimama. Huyo alikasirika, na ilikuwa haki yake kukasirika. Sehemu ya malipo ya kwanza ilikuwa imekwisha kutumika kwa deni la hospitali la marehemu. Mwalimu akaandika mkataba wa kuirudisha kwa miezi mitatu, akaanza kulipa kutoka katika mshahara wake.

Sasa tuseme habari za mahakama. Mtu aende kwa mahakama ile ile iliyomteua msimamizi, akiwa na namba ya shauri. Tangu mwaka 2021 kipo Temeke kituo jumuishi cha mahakama kinachoshughulikia mashauri ya ndoa na mirathi, tangu Mahakama ya Mwanzo hata Mahakama Kuu, mahali pamoja. Yatakayofuata yategemea shauri limefika wapi.

Ikiwa msimamizi hajateuliwa bado, kazi ni nyepesi. Aliyeomba aiambie mahakama kwamba wosia umeonekana. Kama haambii, mwenye haki aweza kuweka pingamizi kabla ya uteuzi. Kisha yule aliyetajwa katika wosia kuwa msimamizi ndiye anayeitwa kwanza.

Ikiwa msimamizi amekwisha kuteuliwa lakini mali haijagawanywa, kama ilivyokuwa kwa mwalimu wetu, asimamishe kuuza na kugawa, kisha aombe mahakama ifute uteuzi wa kwanza na kutoa agizo jipya kwa kuufuata wosia, ukithibitika. Kama msimamizi hataki, kanuni za mwaka 1971 zampa mrithi, mnufaika au mdai wa marehemu ruhusa ya kuomba mwenyewe. Wakati huo msimamizi asisahau madeni yake kwa mahakama. Katika Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuleta orodha ya mali kwa Fomu Namba 5 katika miezi 4 tangu kuteuliwa, na baadaye hesabu kwa Fomu Namba 6 kwa nyakati mahakama itakazoziweka. Katika mahakama za juu orodha huletwa katika miezi 6, na hesabu katika mwaka 1. Kuonekana kwa wosia hakusimamishi siku hizo. Basi aombe aongezewe muda, asikae kimya.

Ikiwa mali imekwisha kugawanywa, hapo ndipo penye majonzi. Mahakama yaweza kusikiliza, lakini nyumba iliyouzwa kwa mtu baki aliyenunua kwa nia njema hairudi kwa urahisi, na fedha zilizoliwa hazirudi kabisa. Ndugu huanza kudaiana wao kwa wao, na msimamizi huulizwa kila shilingi. Kwa sababu hiyo twasema: simamisha mkono kwanza, uliza baadaye.

Na mtu asidhani kwamba kila karatasi yenye neno "wosia" ni wosia. Mahakama itaangalia mambo mengi, na la kwanza ni sheria gani yafuatwa. Sheria za Wosia za kimila, zilizotangazwa mwaka 1963 kwa Tangazo la Serikali Namba 436, zataka wosia wa maandishi uwe na tarehe, uandikwe kwa wino na si kwa kalamu ya risasi, na ushuhudiwe. Kwa mtu ajuaye kusoma na kuandika, mashahidi wawili: mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kwa asiyejua, mashahidi wanne. Wosia wa mdomo nao wataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wala wosia wa mdomo hauwezi kuufuta ule wa maandishi.

Lakini si kila Mwafrika Mkristo huhukumiwa kwa mila. Katika shauri lililoamuliwa mwaka 1969, juu ya mirathi ya marehemu Innocent Mbilinyi, Mngoni aliyeoa mke Mchaga na kukaa Dar es Salaam, Mahakama Kuu iliona ya kwamba namna ya maisha yake ilikuwa imeachana na desturi za kabila lake. Kwa hiyo sheria iliyofaa haikuwa mila ya Kingoni, bali Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, iliyoletwa nchini zamani za Waingereza. Sheria hiyo nayo yataka mashahidi wawili. Tena yasema kwamba mtu akifunga ndoa baada ya kuandika wosia, wosia ule wa kwanza huanguka. Ndiyo sababu tarehe ya karatasi ya mzee wetu wa Temeke ilitazamwa sana: kama ingalikuwa ya kabla ya ndoa yake ya pili, huenda mambo yangalikuwa mengine.

Hata wosia wa mtu mkubwa hupimwa. Bwana Reginald Mengi, mfanyabiashara aliyejulikana nchi nzima, alifariki Dubai tarehe 2 Mei 2019. Wosia uliosemwa kuwa wake, wa tarehe 17 Agosti 2017, ulipelekwa Mahakama Kuu mjini Dar es Salaam. Baadhi ya jamaa wakaupinga, na mwezi wa Mei 2021 mahakama ikaukataa. Miongoni mwa mambo yaliyoangaliwa ni hali ya afya ya marehemu alipouandika, na kwamba baadhi ya watoto wake waliachwa nje. Hatuitaji habari hiyo ili kuihukumu nyumba ya mtu. Twaitaja ili watu wajue kwamba kuupeleka wosia mahakamani si kuushinda upande mwingine. Ni kuuweka mahali pa kupimwa. Mila nazo zasema kwamba mzazi anayetaka kumnyima mtoto urithi lazima aseme wazi katika wosia, na kutaja sababu yake.

Turudi Temeke. Mmoja wa mashahidi alikuwa mzee jirani wa Tandika. Wa pili, ndugu wa marehemu aliyekaa Morogoro, alikuja kwa basi ingawa miguu yake ilikuwa imevimba. Kila mmoja aliulizwa peke yake. Walikubaliana juu ya siku, mahali, na kalamu iliyotumika. Barua za zamani za marehemu zililetwa zilinganishwe na mwandiko ule. Mwana wa pili aliruhusiwa kuuliza maswali yake yote. Alipomsikia baba yake mkubwa akisimulia jinsi marehemu alivyoandika huku akifuta machozi kwa ajili ya mke wake wa kwanza, alikaa kimya, wala hakuuliza tena.

Mahakama ikafuta uteuzi wa kwanza, ikamteua mwalimu yule yule tena, safari hii akiwa na wosia mkononi. Nyumba haikuuzwa. Mjane akakunjua vitu vyake. Lakini neno la kiwanja cha Kinondoni halikutimia, maana ilionekana kwamba marehemu mwenyewe alikwisha kukiuza miaka miwili kabla ya kufa kwake. Na mtu hawezi kuachia mtu mali ambayo si yake tena. Mwana wa pili alipata uchungu, akasema amepewa karatasi tupu. Mwalimu hakuwa na jibu la kumtuliza. Binti yake naye alichelewa chuo mwaka mmoja.

Hatuwaambii basi kwamba uaminifu hauna gharama. Una gharama, na mara nyingi anayelipa ni yule aliyekuwa mwaminifu. Lakini mjane yule hakulala nje, watoto watatu bado wakutana katika nyumba ya baba yao kila mwisho wa mwezi kugawana kodi, na hakuna siri iliyozikwa chini ya sakafu yake.

Kwa ninyi mnaosimamia mirathi twaongeza maneno mawili. La kwanza, kabla ya kusema mahakamani kwamba marehemu hakuacha wosia, tafuteni kwanza. Tazameni masanduku na Biblia yake, ulizeni kwa mchungaji, kwa wakili kama alikuwa naye, benki, na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao huandika na kutunza wosia za watu. La pili, msiwape vishoka wa barazani karatasi zenu wala fedha zenu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewaweka watoa msaada wanaotambuliwa kwa ajili ya wasio na uwezo; ulizeni mahakamani au ofisi ya serikali ya mtaa.

Na kwa ninyi wazazi mlio hai twasema hivi: wosia uliofichwa sana ni kama taa iliyowekwa chini ya pishi. Mzee wa Temeke aliandika vema, kwa wino na tarehe na mashahidi, lakini hakumwambia mtu alipouweka. Na kwa kosa hilo dogo nyumba yake ilibakiza siku tatu tu kuuzwa. Andika; watafute mashahidi ambao si warithi; weka mahali salama; kisha mwambie mtu mwaminifu mahali palipo. Si lazima kumwambia yaliyomo. Ukiuza kiwanja au kufunga ndoa, au mtoto akizaliwa, uutazame tena.

Mtu mmoja katikati ya mkutano alimwomba Bwana Yesu amwambie ndugu yake agawane naye urithi, naye Bwana hakukubali kufanywa mgawanyaji, ila alionya juu ya choyo. Katika mirathi sheria yaweza kutuonyesha njia ya mahakamani. Lakini choyo hutungojea usiku, bahasha ikiwa chini ya mto, wala hakuna hakimu anayeona. Bwana awape wasimamizi wetu moyo wa kuamka asubuhi na kuipeleka.